Historia kwa Redio: Njia za Habari, toka Waya wa Unguja hata Chuo Kikuu

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: waya, njia panda, mtandao. Asiyafute mpaka mwisho wa somo.

Juma lililopita nilitembelea darasa moja hapo Chalinze, na baada ya masomo mama mmoja akanishika mkono. Kijana wake amepata nafasi Chuo Kikuu kusomea mitandao ya kompyuta. "Mwalimu," akaniambia, "mtandao si ni vocha tu? Nikinunua napata, nisiponunua sipati. Sasa huko miaka mitatu, minne, watamfundisha nini, hata mimi niuze mbuzi wangu?" Nilimwahidi kumjibu katika redio. Mama, kama unasikiliza, jibu ni refu kidogo, nalo linaanza baharini.

Mwezi wa Januari 1879 jeshi la Waingereza lilipigwa vibaya na Wazulu mahali panapoitwa Isandlwana, Afrika ya Kusini. Habari hiyo ilikaa njiani siku kama ishirini kabla ya kufika London, kwa sababu waya wa simu ulikuwa haujafika huko, na sehemu kubwa ya safari habari ilikwenda kwa meli. Mwaka huo huo kampuni ya Waingereza ikalaza waya chini ya bahari toka Aden hadi Unguja, toka Unguja hadi Msumbiji, na kuendelea hadi Durban. Mwaka 1890, Wajerumani walipokuwa wameshika pwani yetu, ukavutwa waya mwingine toka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam.

Basi angalieni jambo hili. Bagamoyo iliungana na Ulaya kwa waya zaidi ya miaka 130 iliyopita. Lakini waya ule haukuwekwa kwa ajili ya mvuvi wa Bagamoyo, wala mpagazi aliyeteremka na pembe kutoka Ujiji. Unguja ilipata waya kwa kuwa ilikuwa njiani. Waliochagua waya upite wapi walikuwa London na Berlin. Sisi tulikuwa na waya. Hatukuwa na neno juu yake.

Waya wa siku zile ulikuwa na tabia moja: ukikatika, habari zimekatika. Watu wa karne iliyofuata wakatafuta dawa. Ili tuielewe dawa yao, turudi Bagamoyo tena. Novemba 1874 Stanley aliondoka hapo kwenda kwenye ziwa kubwa la Nyanza, akiwa na mashua yake iitwayo Lady Alice. Mashua ilikuwa imekatwa vipande, kila kipande kikapewa wapagazi wake, na walipofika ziwani mwanzo wa 1875 ikaunganishwa, ikaelea. Sifa alichukua mwenye mashua. Wenye mabega hawatajwi sana.

Hivyo ndivyo barua inavyosafiri katika mtandao wa kompyuta. Hukatwa vipande vidogo. Kila kipande huandikwa namba yake na anwani ya kule kiendako. Vipande vyaweza kupita njia mbalimbali, na mwishoni hupangwa tena kwa namba zao. Fikra hii ilipatikana miaka ya 1960, Marekani na Uingereza. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya chuo kikuu kimoja cha Los Angeles ilijaribu kutuma neno fupi la herufi tano kwa kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Zikafika herufi mbili tu, L na O, kisha mashine ikagoma. Walipojaribu tena usiku ule, likafika zima. Nao pia walianza kwa kujikwaa.

Sasa simameni njia panda ya Chalinze. Gari latoka Dar es Salaam. Likinyoosha, laenda Morogoro na Dodoma. Likikata kulia, laenda Segera, Tanga, Moshi na Arusha. Katika mtandao, penye njia panda hukaa mashine iitwayo ruta, na kazi yake ni kusoma anwani ya kila kipande na kukielekeza. Lakini ruta itajuaje kwamba mbele daraja limekatika? Itajuaje kwamba mtu wa Dar es Salaam aendaye Tanga aweza kuiacha Chalinze kabisa, akapita Bagamoyo na kutokea Msata, kilometa 64 za lami? Lazima ruta ziambiane, na ziambiane upesi. Tena zisiamini kila linalosemwa. Mwaka 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilitaka kuwazuia watu wa nchi yake wasione YouTube. Ikatangaza njia ya uongo. Tangazo likavuka mipaka, ruta za dunia zikaliamini, na kwa muda wa saa mbili hivi YouTube haikuonekana karibu ulimwenguni kote. Hayo, mama, ndiyo atakayosomea mwanao. Si vocha.

Nchini kwetu elimu hii ilikuja kwa kusuasua. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine zile ziligharimu fedha nyingi za kigeni, wataalamu walitoka nje, na hesabu za Serikali hazikwenda kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengine huicheka amri ile. Mimi siicheki sana, maana mtu aliyeuziwa mashine asiyoweza kuitengeneza ana haki ya kufunga mlango. Lakini mlango ule ulimfungia nje mwanafunzi pia, na miaka ikapita.

Baadaye amri ikalegezwa. Mwaka 1995 nchi yetu ilipata jina lake katika intaneti, zile herufi tz mnazoziona mwisho wa anwani, na lilitunzwa kwanza pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku zile barua ya kompyuta toka Kariakoo kwenda Upanga, ikiwa watu hao wawili wana kampuni mbalimbali za intaneti, ilipanda kwenye setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Kwa fedha za kigeni! Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni hizo zikaunganishwa mahali pamoja Dar es Salaam, na barua za nyumbani zikaacha kuvuka bahari. Hakikuhitajika waya mrefu. Walihitajika watu wenye kujua. Mwaka 2000 mafundi wa mitandao wa Afrika walianza kukutana ili wafundishane, na mwaka 2011 mkutano wao ulifanyika Dar es Salaam.

Mwaka 2009 waya wa baharini wa Seacom ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Hizi ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha mwanga badala ya umeme.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya zote mbili zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Upande wa kaskazini, Seacom ilikuwa imekwisha kukatika katika Bahari ya Sham tangu Februari. Intaneti ya Tanzania ikadhoofika vibaya. Mimi nilikuwa nikituma orodha ya watahiniwa, haikwenda, nikalala. Hata hivyo mtandao haukufa kabisa. Meli ya kutengeneza waya huchukua siku nyingi kufika. Lakini fundi aliyeketi mbele ya ruta aweza kuhamisha mizigo kwa dakika chache, ikiwa ipo njia ya pili na ikiwa aliifikiria kabla ya msiba. Mafundi wa namna hiyo hufundishwa leo Kijitonyama, kwenye Ndaki ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pia Chuo Kikuu cha Dodoma.

Sasa mwalimu wa darasa atawagawia karatasi. Choreni Dar es Salaam, Mlandizi, Chalinze, Msata na Bagamoyo, na barabara zinazoziunganisha. Kateni barabara kati ya Mlandizi na Chalinze. Kisha zungumzeni: mzigo wa kwenda Tanga upite wapi, na mzigo wa kwenda Morogoro upite wapi? Wa Morogoro ndio mgumu. Majibu yenu nitayasoma juma lijalo, saa hii hii. Kwaherini.