Mwendano, si Uhimilivu

Nimeletewa tena rasimu ya tafsiri inayohusu mabadiliko ya tabianchi, na humo neno "kukabiliana" limebebeshwa kila kitu. Kupunguza gesi joto ni kukabiliana. Kujenga ukuta wa kuzuia bahari ni kukabiliana. Kubadili mbegu ni kukabiliana, na hata kulipwa fidia baada ya nyumba kusombwa nako ni kukabiliana. Kufikia ukurasa wa tatu mtafsiri ameona hawezi kulirudia neno hilohilo mara mbili ndani ya sentensi moja kwa maana mbili tofauti, basi akaenda kuchukua "kuhimili" na nomino yake "uhimilivu". Kosa la kwanza ni la uvivu, nalo linasameheka. Hili la pili limepitishwa na watu waliokaa mezani wakalijadili, na ndilo linalonifanya niandike.

"Tabianchi" yenyewe siigusi. Wapo wanaosema "hali ya hewa", na wenzetu wa Kenya husema "hali ya anga", lakini tabianchi imekwisha kukaa vinywani na haidhuru mtu. Ninachokidai ni jina la kile kinachozungumzwa katika Kifungu cha 7 cha Mkataba wa Paris wa 2015, kile ambacho Kiingereza hukiita "adaptation": kubadilika ili kufaa katika tabianchi iliyobadilika. Kifungu cha 4 kinahusu kupunguza gesi joto, na cha 8 kinahusu hasara na uharibifu. Hayo ni mambo matatu, kila moja na mazungumzo yake, na fedha zake pia. Bodi ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, wenye makao yake Songdo nchini Korea Kusini, iliamua mwaka 2014 kwamba lengo liwe kugawa fedha nusu kwa nusu baina ya upunguzaji na hilo la Kifungu cha 7. Halmashauri inayoandika "mradi wa kukabiliana" haijasema inaomba kutoka nusu ipi.

Tuanze na "kukabili". Mzizi wake wa Kiarabu ni q-b-l, wenye maana ya mbele, upande unaoelekewa. Umetupa ukoo mkubwa wa maneno: kibla, upande aelekeao mwenye kuswali, kabla, kilichotangulia mbele, mkabala, kinachotazamana na kingine, mustakabali, muda ulio mbele yetu, na kukubali, ambako nako ni kupokea kitu uso kwa uso. Kukabiliana, basi, ni kutazamana. Timu mbili hukabiliana uwanjani, majeshi mawili hukabiliana mpakani. Neno linatwambia watu wameelekea wapi, wala halitwambii wanafanya nini. Kwa hiyo linafaa kuwa jina la jumla la juhudi zote za tabianchi, na kwa kazi hiyo nalikubali bila kinyongo. Likishushwa likawa istilahi ya jambo moja mahususi, linaacha kufanya kazi.

"Kuhimili" kuna mzizi mwingine, h-m-l, nao maana yake ni kubeba. Humo ndimo mlimotoka himila, yaani mzigo, na pia mimba. Humo ndimo mlimotoka hamali, yule mchukuzi wa bandarini aliyejulikana Mombasa, Unguja na Lamu kwa mgongo wake. Stahimili nalo ni la mzizi huohuo, na maana yake ni kubeba kwa subira. Anayehimili anabaki alivyo, mzigo nao unabaki ulivyo, na sifa yake yote ni kwamba hajaanguka. Nguzo huhimili paa. Tukimwambia mkulima kwamba serikali imeleta mpango wa uhimilivu, tumemwambia avumilie, naye amevumilia miaka yote bila mpango wa mtu yeyote.

Lipo jambo ambalo wakubwa wa istilahi wangeliona kama wangefungua nakala ya Kiarabu ya Mkataba huohuo. Waarabu, ambao ndio tuliowakopa himili, hawakuutumia mzizi wa h-m-l kwa dhana hii. Wao wanasema "takayyuf", kutoka "kayf", yaani namna au hali: kujipa namna inayofaa mahali ulipo. Wazungu nao wamelichukua neno lao kutoka Kilatini "adaptare", ambamo ndani mna "aptus", kilichokaa sawasawa, kilichofaa. Katika lugha hizo mbili anayetajwa ni mtu anayebadilika ili afae. Ni sisi tuliomtwisha mzigo na kumwambia asimame palepale.

Madhara yake yanaonekana mara moja katika kifungu chenyewe. Aya ya kwanza ya Kifungu cha 7 inataja malengo matatu kwa mpigo: kuongeza uwezo wa hicho tunachokitafutia jina, kuimarisha ustahimilivu, na kupunguza hatari ya kuathirika. Ukiandika "kuongeza uwezo wa kuhimili na kuimarisha ustahimilivu", umesema jambo moja mara mbili kwa maneno ya mama mmoja. Nimeona rasimu ambamo mhariri, kwa nia njema kabisa, amefuta mojawapo akidhani ni takriri. Lengo zima la mkataba wa kimataifa limefutwa kwa sababu Kiswahili chake hakikusomeka kama lengo.

Nendeni Paje au Jambiani muone kinachofanyika hasa. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Bamvua likitoa maji, huingia pwani na vijiti, kamba na tai-tai (nyuzi za kufungia), wakafunga vipande vya mbegu kimoja kimoja. Aina ya cottonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini maji ya kina kifupi yanapopata joto, ncha zake hugeuka nyeupe, zikalainika, zikakatika. Wapo waliorudi kwenye spinosum, yenye bei ndogo lakini ngumu zaidi kufa. Wapo waliohamia maji ya kina, ambako joto ni pungufu, wakapanda ndani ya nyavu za mfano wa bomba ambazo mtafiti Flower Msuya alishiriki kuzijaribu. Huko kunataka chombo na kunataka kuogelea, nao ni wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Wengine wameanza kusaga mwani wakatengeneza sabuni, ili wasitegemee kuuza uliokaushwa peke yake. Mama anayelima mwani amebadili mahali pa shamba, amebadili zana, amebadili mbegu, na amejifunza jambo jipya la mwili wake katika umri wa utu uzima. Kuyaita haya uhimilivu ni kumnyima sifa ya kazi aliyoifanya.

Anachofanya ni kuendana na bahari iliyobadilika, na hapo ndipo lilipo neno langu: mwendano.

Kitenzi "enda" ni cha Kibantu cha asili. Waganda wanasema "kugenda", Wanyarwanda na Warundi vilevile, na wataalamu wa lugha huurudisha mzizi wake kwenye "-gend-" ya kale. Kikiongezwa kiambishi cha kutendana tunapata "endana", ambacho kila Mswahili anakitumia kwa maana ya kufaana na kukaa sawa. Kutoka kwenye vitenzi vya namna hiyo lugha imezaa mgongano, mvutano, mfanano, mlingano na mwingiliano bila kuuliza mtu. Mwendano, wingi miendano, umetoka katika mlango huohuo. Faida yake kubwa ipo katika kutendesha: unapata "kuendanisha". Kuendanisha kilimo na mvua, kuendanisha barabara na mafuriko. Jaribuni "kuhimilisha" mwone mtafika wapi. Wafugaji wameshalichukua kwa maana yao ya kupandikiza mifugo mimba!

Niliwahi kuliwasilisha neno hili mbele ya jopo ambalo sitalitaja. Nilijibiwa kwamba "kuendana" ni neno la mitaani, la vijana wanaolinganisha viatu na mikoba. Jibu hilo liliniumiza, na naona haki kulijibu hadharani. "Maendeleo" yametoka kwa kitenzi hichohicho, "mwenendo" pia, na hakuna jopo lililoyaona ya mitaani. Neno kutumiwa na vijana ni ushahidi kwamba li hai.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba kuendana na jambo ni kuliridhia. Silioni hivyo. Mzee anayejifunza kutumia simu ya kisasa anaendana na wakati, hata kama wakati wenyewe haumpendezi. Tena kukataa kuna kifungu chake. Kazi ya kuyazuia mabadiliko yenyewe ni ya Kifungu cha 4, na huko tunalo neno lisilo na kasoro, kupunguza, kwa kuwa kinachofanyika ni kuhesabu tani za hewa ukaa na kuzishusha. Na wanaotaka kulitohoa neno la Kiingereza la Kifungu cha 7 na kulivisha irabu mwishoni siwajibu, kitenzi tunacho.

Kwa matumizi, basi: mpango wa taifa wa mwendano, fedha za mwendano, uwezo wa kuendana, mbegu zilizoendanishwa na ukame. Ustahimilivu ubaki na maana yake ya kutovunjika, na kukabiliana kuwe jina la jumla.

Nawaomba watafsiri, wahariri wa redio za jamii na maofisa mazingira wa halmashauri waanze na andiko la mradi lililopo mezani leo: popote palipo na "uhimilivu" kwa maana ya Kifungu cha 7, wafute, waandike "mwendano".