Nzwani: Kisiwa na Milango Yake

Kisiwa cha Nzwani katika nchi jirani ya Komoro kina eneo la kilometa za mraba 424 tu, lakini ardhi yake ni ngumu. Kutoka kilele cha Ntingui safu tatu za milima zateremka: moja Sima magharibi, nyingine Jimilime kaskazini-mashariki, na ya tatu Nyumakele kusini, penye watu wengi na udongo uliochoka. Wilaya ni tano: Mutsamudu, Ouani, Domoni, Sima na Mremani. Bandari iko Mutsamudu, na uwanja wa ndege uko Ouani, karibu na hapo. Ndugu askari, aishikaye pwani hiyo fupi ameshika mlango wa kisiwa kizima.

Agosti 3, 1997 Nzwani ilitangaza kujitenga, ikaomba kurudi chini ya Ufaransa, nayo Ufaransa ikakataa. Katiba ya 2001 ikakipa kila kisiwa madaraka yake. Kwa maoni yetu, kosa halikuwa kugawa madaraka, bali kumwachia mtawala wa kisiwa jeshi lake binafsi. Juni 2007 Kanali Mohamed Bacar alijifanyia uchaguzi ambao Umoja wa Afrika uliukataa.

Machi 25, 2008 askari wa Komoro, pamoja na wenzao wa Tanzania na Sudan, waliteremka Nzwani. Bacar akatoroka kwa mashua hadi Maore, kisiwa cha nne, ambacho Ufaransa ilibaki nacho Komoro ilipotangaza uhuru mwaka 1975.