Feleji ya Sheffield, Jina la Bowie

Historia ya kisu cha Bowie inaanzia kwenye fungu la mchanga la mto Mississippi, karibu na mji wa Natchez, tarehe 19 Septemba 1827. Siku hiyo mabwana wawili walikuja kumaliza ugomvi wao kwa bastola. Walipigiana risasi, hakuna aliyeumia, wakapeana mikono. Waliokuja kushuhudia ndio waliovamiana. Mmoja wao, James Bowie, alipigwa risasi, akachomwa kwa upanga uliofichwa ndani ya bakora, na akiwa chini hivyo hivyo akamuua Norris Wright kwa kisu kikubwa alichopewa na nduguye Rezin. Magazeti yakaieneza habari hiyo. Bowie alipouawa vitani Alamo, Texas, tarehe 6 Machi 1836, jina lake lilikuwa tayari limeshaondoka mikononi mwake, likawa la kila mfua visu anayetafuta wateja.

Kisu chenyewe kilipotea. Rezin aliandika mwaka 1838 kwamba yeye ndiye aliyekitengenezesha, kiwe kisu cha mawindo: bapa lililonyooka la inchi 9 na robo, upana wa inchi moja na nusu, makali upande mmoja. Hakutaja ile ncha iliyochongwa mgongoni ambayo leo kila mtu anaijua kuwa ndiyo sura ya Bowie. Henry Schively wa Philadelphia na Daniel Searles wa Baton Rouge walimtengenezea Rezin visu vya kuwapa rafiki zake zawadi, na vile vilivyobaki ndivyo vinavyotuleta karibu zaidi na kisu cha kwanza.

Lakini visu vingi vya Bowie vilivyomo katika makabati ya wakusanyaji havikufuliwa Marekani. Vilitoka Sheffield, Uingereza.

Mji huo ulikuwa na kila kitu ilichohitaji kazi hiyo. Chama cha Wafua Visu cha Hallamshire kilipata sheria yake Bungeni mwaka 1624. Mito ya Rivelin, Porter na Sheaf ilizungusha mawe ya kunolea kabla ya injini za mvuke. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman alipata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo mpaka kikawa sawasawa mwili mzima, na feleji hiyo ndiyo iliyoupa mji sifa duniani. Habari za Bowie zilipovuka bahari, mafundi wa Sheffield hawakuhitaji kujifunza upya. W. & S. Butcher, Joseph Rodgers, na George Wostenholm mwenye alama ya I*XL, wote walisafirisha visu kupitia Liverpool hadi New York na New Orleans. Wostenholm alivuka Atlantiki mara nyingi akitafuta oda mwenyewe, na kiwanda chake akakiita Washington Works.

Kisu kimoja kilipita mikononi mwa watu wengi. Mfua alilipa bapa umbo kwa moto na nyundo. Mnoaji akalitia makali na mng'aro. Fundi wa mpini akafunga pembe ya kulungu, lulu ya chaza au pembe ya ndovu, akaweka kinga ya mkono ya madini meupe yanayofanana na fedha. Mpini mwingine uliishia kwa kichwa cha mnyama wa kubuniwa, nusu farasi nusu mamba, kwa sababu watu wa Mississippi walipenda kujisifu hivyo. Ala ilikuwa ya karatasi ngumu iliyovikwa ngozi nyembamba ya rangi, ikapigwa nakshi za dhahabu. Ni kitu dhaifu. Ndiyo maana kisu kilichobaki na ala yake ya asili kina bei ya kipekee.

Mnoaji ndiye aliyelipa gharama kubwa zaidi. Aliketi akiwa ametandaza miguu juu ya ubao, kama aliyepanda punda, akiinamia jiwe la mchanga linalozunguka kwa kasi, na vumbi la jiwe na chuma likiingia mapafuni. Friedrich Engels, akimnukuu daktari wa Sheffield katika kitabu chake cha 1845, aliandika kwamba wanoaji wa kavu kwa wastani hawakufika sana miaka 35, na wale waliotumia maji hawakupita mara nyingi miaka 45. Wakati mwingine jiwe lilipasuka na kumuua mtu palepale. Ukishika Bowie inayong'aa kama kioo, mng'aro huo ni pumzi ya mtu.

Liko jambo jingine katika historia ya mji huu ambalo wakusanyaji huligusa juu juu. Mwaka 1789 mafundi 769 wa Sheffield waliomba Bunge likomeshe biashara ya watumwa. Walijua kwamba bidhaa zao zilipelekwa pwani ya Afrika na kwamba huenda wakapata hasara, na bado wakatia saini. Ni ujasiri wa watu wasio na akiba. Baada ya nusu karne hivi, visu vilivyochorwa kwa tindikali vikatoka katika mji huohuo, vikiwa na maneno ya kuwapendeza wateja wa majimbo ya kusini mwa Marekani, na baadhi vilitamka waziwazi mauti kwa wakomeshaji wa utumwa. Wenye viwanda waliandika kile kilichouzika. Kisu cha namna hiyo kinastahili kuhifadhiwa, lakini kiwekwe pamoja na habari za ombi la 1789, mtazamaji aone mji huo kwa pande zake zote mbili.

Huko Marekani, sheria zilianza kukikaba kisu hiki mapema. Alabama iliweka kodi ya dola 100 kwa kila kisu cha Bowie kilichouzwa, mwaka 1837. Tennessee ikapiga marufuku kuuza, mwaka uliofuata. Jeshi la Marekani halikukipokea kwa wingi: visu vya mwaka 1849, vilivyotengenezwa na kiwanda cha Ames huko Chicopee, Massachusetts, kwa ajili ya wapanda farasi wenye bunduki, vilikuwa 1,000 tu, na leo vinawindwa sana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilizaa visu vikubwa vya majimbo ya kusini, vilivyofuliwa na wahunzi wa vijijini, vyenye chuma kilichopinda kukinga vidole. Askari wengi walivitupa njiani kwa uzito, kwani bastola ya mizunguko ilikuwa imekwisha kuchukua kazi ya kisu. Ile ncha iliyochongwa mgongoni haikufa; ilirudi mwaka 1942 kwenye kisu cha wanamaji wa Marekani, Ka-Bar.

Anayeanza kukusanya ajifunze kwanza kusoma mzizi wa bapa, karibu na kinga. Taji lenye herufi WR ni la Mfalme William IV, 1830 hadi 1837. VR ni la Malkia Victoria. Neno "England" likiwapo, kisu kina uwezekano mkubwa wa kuwa cha baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyodai bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka. Kisu chenye WR na "England" pamoja kinajishtaki chenyewe. Waghushi wako wengi, na hupenda kuchora maneno makali juu ya mabapa ya zamani yasiyo na maandishi, maana maneno hupandisha bei. Mchoro wa kweli umechakaa pamoja na feleji. Ule wa jana una kingo kali katikati ya kutu ya zamani.

Mpini wa pembe ya ndovu una historia inayotugusa sisi moja kwa moja. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe; zilibebwa na wapagazi, huru na watumwa, kutoka bara hadi pwani, na nyingi zikafika kwenye minada ya London ambako wafua visu wa Sheffield walinunua. Sheria ya Pembe ya Uingereza ya 2018, iliyoanza kutumika tarehe 6 Juni 2022, inazuia kuuza vitu vya pembe isipokuwa vichache: kwa kawaida kisu kiwe cha kabla ya 1947, pembe isizidi asilimia 10 ya ukubwa wake, na kiandikishwe kwa ada. Wakusanyaji wengine wananung'unika kwamba mipini mingi ya Bowie inavuka kiwango hicho. Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Kisu kisichouzika bado kinaweza kutunzwa, kurithishwa na kupewa jumba la makumbusho, na tembo walio hai Selous na Tsavo wana haki kubwa kuliko mnada wowote.