Dawa

Neno dawa limetoka katika Kiarabu na limo katika ngeli ya I-ZI: dawa hii, dawa hizi. Hutaja kinachotibu, kinachokinga na hata kinacholevya. Historia ya vita inaonyesha upana huo.

Mwaka 1905 wapiganaji wa Vita vya Majimaji, waliopinga utawala wa Wajerumani, walipewa dawa ya vita: maji, mbono na mtama. Yalinywewa au kunyunyizwa mwilini, kwa imani kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Hayakuwa na kemikali ya kuchangamsha mwili. Nguvu yake ilikuwa ujasiri na umoja. Agosti mwaka huo wapiganaji walifika Masasi na kuiteketeza misheni ya Waanglikana.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mnamo Novemba 1917, dawa iliyotawala vita katika uwanda wa Makonde ilikuwa kwinini, dawa ya malaria. Kwa uhaba wa kwinini, chakula na risasi, Jenerali Lettow-Vorbeck wa jeshi la Wajerumani aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi, akapita Newala na kuvuka Mto Ruvuma.

Vichangamshi vya viwandani vilienea vitani baadaye. Mwaka 1940 jeshi la Ujerumani liligawa mamilioni ya vidonge vya Pervitin, yaani methamfetamini. Viliondoa usingizi na uchovu, lakini vilileta uraibu na maradhi ya akili.

Leo sheria ya Tanzania huita vitu vya namna hiyo dawa za kulevya. Maneno “za kulevya” ni ya lazima, kwani ndiyo yanayotenganisha sumu na tiba.