Monterey Bay Aquarium: Miaka 40 ya Kulea Fisimaji

Tarehe 20 Oktoba 1984 Monterey Bay Aquarium ilifungua milango kwenye pwani ya California, Marekani, palipokuwa kiwanda cha Hovden cha kusindika samaki wa makopo. Kiwanda kilifungwa mwaka 1973, miaka mingi baada ya sadini kuadimika. Wazo lilitoka kwa wanabiolojia wa bahari wa kituo jirani cha Chuo Kikuu cha Stanford. Fedha, takriban dola milioni 55, zilitolewa na David Packard na mkewe Lucile. Binti yao Julie akawa mkurugenzi wa kwanza.

Fisimaji wa baharini wamekuwapo tangu mwanzo. Wawindaji wa ngozi waliwafyeka hadi ikadhaniwa wamekwisha California, ila mwaka 1938 ikatangazwa kwamba wapatao 50 wameonekana Big Sur. Kiasi cha 3,000 waliopo leo ni uzao wao. Mnyama huyu hana tabaka la mafuta la kumkinga na baridi: hutegemea manyoya mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote, na hula kila siku karibu robo ya uzito wake.

Kazi ngumu ilikuwa kulea yatima. Mtoto aliyesombwa na mawimbi hajui kusafisha manyoya wala kuzamia, hivyo wahudumu waliingia naye baharini kumfundisha kutafuta chakula. Walijituma kwelikweli, lakini watoto wakawazoea watu mno.

Mwaka 2001 jike mgonjwa wa kifafa, Toola, alizaa mtoto mfu akiwa kituoni. Muda mfupi baadaye akapelekewa yatima. Akampokea, akampakata kifuani kama wake. Hadi alipokufa mwaka 2012 alikuwa amelea watoto 13, na majike wengine wakaifuata kazi hiyo. Wahudumu walipolazimika kumshika mtoto, walivaa majoho meusi na barakoa za mafundi wa kuchomelea, asizoee sura ya binadamu. Kwangu, hakuna jambo kubwa zaidi ambalo taasisi hii imefanya kuliko kumwachia mama mlezi kazi yake.

Wanaoonekana leo nyuma ya kioo ni wale wasioweza kuishi tena baharini. Waliorudi wako Elkhorn Slough, hori lililo kaskazini ya Monterey. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya ongezeko la fisimaji huko, kwa miaka 15, lilitokana na yatima hao na vizazi vyao. Wanakula kaa kwa wingi, na majani ya bahari yaliyokuwa yakififia chini ya hori yamestawi upya.