Kumuenzi Aliyeuawa: Heshima ya Dola na Nyumba ya Medgar Evers

Miongoni mwa wanaochunguza kumbukumbu ya harakati za haki za kiraia nchini Marekani, yaani mapambano ya raia weusi ya kudai kura, shule na usawa mbele ya sheria, umezoeleka mtazamo kwamba dola inapomuenzi mwanaharakati aliyefariki humpunguza makali. Jeanne Theoharis, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ameonyesha kwa nguvu jinsi Martin Luther King na Rosa Parks walivyogeuzwa kuwa mashujaa wapole wa taifa linalojiona limekwisha kujirekebisha, na hilo halina ubishi. Chenye ubishi ni hatua ambayo wengi huifuatisha bila ushahidi wa kutosha, ya kuziweka heshima zote rasmi katika fungu moja, kana kwamba nishani, jina la meli na nyumba iliyohifadhiwa hufanya kazi ileile.

Medgar Evers anafaa kuupima mtazamo huo. Tangu mwishoni mwa mwaka 1954 alikuwa afisa wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, katika jimbo la Mississippi, ambako aliandikisha wapigakura na kuchunguza mauaji ya kijana Emmett Till ya mwaka 1955, hadi alipopigwa risasi nje ya nyumba yake mjini Jackson usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1963. Wiki moja baadaye alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya kitaifa ya Arlington, kwa kuwa alipigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Heshima hiyo ilikuwa ya haki, ila ilimtukuza kwa aliyoifanyia dola huko Ulaya na kunyamazia aliyoidai dola hiyohiyo huko Mississippi. Meli ya mizigo ya jeshi la majini iliyozinduliwa kwa jina lake mwaka 2011, na Nishani ya Uhuru ya Rais aliyotunukiwa mwaka 2024, zilimtaja kuwa mtetezi wa haki, lakini jina na nishani havina nafasi ya kueleza haki hiyo ilinyimwa na nani.

Nyumba yake ni jambo jingine kabisa. Ilijengwa katika miaka ya 1950 bila mlango wa mbele, hivyo aliyeingia alipitia ubavuni, penye banda la gari, ili asionekane kwa urahisi kutoka barabarani. Magodoro ya watoto yaliwekwa chini, pasipofikiwa na risasi ya dirishani, na watoto wenyewe walifundishwa kujilaza sakafuni wakisikia kishindo. Risasi iliyomuua ilipita mwilini mwake, ikatoboa dirisha na ukuta, ikaingia jikoni na kugonga jokofu. Familia iliikabidhi nyumba hiyo kwa Chuo cha Tougaloo mwaka 1993, na mwishoni mwa mwaka 2020 ikawa mnara wa kumbukumbu wa taifa. Anayeizuru hawezi kumsifu marehemu bila kuuliza ni utawala wa namna gani uliomfanya baba wa watoto wadogo achague nyumba isiyo na mlango wa mbele.

Yaweza kupingwa kwamba nyumba humshtaki muuaji tu na kuiacha serikali. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama nyaraka za Mississippi zisingefunuliwa. Muuaji huyo, Byron De La Beckwith, alishtakiwa mara mbili mwaka 1964, na mara zote jopo la wanaume weupe waliopaswa kuamua hatia yake lilishindwa kuafikiana. Mwaka 1989 ilifichuka kwamba tume iliyoundwa na jimbo hilo mwaka 1956 ili kulinda ubaguzi iliwasaidia mawakili wa mshtakiwa kuchunguza watu waliotarajiwa kuingia katika jopo la kesi ya pili, maana yake serikali ileile iliyoshtaki ilisaidia pia kutetea. Mjane wa Evers, Myrlie, ambaye alidai haki kwa miaka 30 na kuhifadhi kumbukumbu za mwenendo wa kesi ya kwanza, alishuhudia Beckwith akitiwa hatiani mwaka 1994. Hukumu hiyo haihesabiwi miongoni mwa heshima za dola, ingawa ilistahili kutangulia nyingine zote.

Kigezo kinachopendekezwa hapa, basi, ni kwamba heshima rasmi ipimwe kwa kosa inalolikiri. Heshima isiyokiri chochote ni nyepesi kuitwaa tena: meli iliyobeba jina la Harvey Milk, mtetezi mwingine aliyeuawa, ilivuliwa jina hilo mwaka 2025 kwa uamuzi wa waziri. Huenda kigezo hiki ni kikali mno kwa nchi ambazo nyaraka zake bado zimefungwa, lakini ukali huo ndio unaohitajika, hata Afrika Mashariki. Evers alimwita mwanawe wa kwanza Darrell Kenyatta kwa kuvutiwa na mapambano ya Kenya. Jijini Nairobi sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi katika mapambano hayo, ilizinduliwa mwaka 2007, miaka 50 baada ya Waingereza kumnyonga, na kaburi lake halikuwa na alama. Kwa kigezo hiki, Uingereza na Kenya bado zinadaiwa kaburi hilo, na sanamu haijalilipa deni hilo.