Gemu za njozi: ipi ianze, ipi ifuate

Gemu za njozi, zile ambazo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, mchawi au mwizi na kumkuza hatua kwa hatua, zilizaliwa mezani kabla ya kuingia kwenye kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, penseli na dadu. Mtu mmoja husimulia, wengine huamua wahusika wao wafanye nini. Aliyenusurika safari ya leo hurudi siku nyingine na nguvu zake mpya, makovu yake na mali aliyoteka. Hapo hakuna aliyeuliza aanze na sehemu ipi, maana safari ya kesho ilikuwa haijatungwa bado. Swali hilo lilizuka pale simulizi ilipokatwa vipande, vikauzwa kimoja kimoja, kila kimoja na namba yake.

Jibu la kwanza lilikuwa kali. Wizardry, iliyotungwa na Andrew Greenberg na Robert Woodhead walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilitoka mwaka 1981 kwa kompyuta ya Apple II. Sehemu ya pili ilifuata mwaka 1982, nayo haikumruhusu mnunuzi kuunda wahusika wapya. Ilimbidi awahamishe kutoka diski ya kwanza wale wale aliokwisha kuwalea kwa wiki nyingi. Asiyekuwa nao hakuwa na la kufanya. Katika sehemu ya tatu, ya mwaka 1983, mashujaa wa zamani walikwisha kupita, na walioshika silaha walikuwa wazao wao, wakianza kujifunza upya tangu chini. Lakini hata wazao hao walipatikana tu kwa aliyekuwa na wazazi wao kwenye diski ya zamani. Utaratibu huo uliwabana wateja, lakini ndio uliofafanua vizuri zaidi maana ya mfuatano: kuna kitu halisi kinachovuka kutoka gemu moja hadi nyingine, na asiyekuwa nacho amepungukiwa.

Wizardry na Ultima, kazi ya Richard Garriott iliyotoka mwaka huo huo wa 1981, zilimfikia Yuji Horii nchini Japani. Mwaka 1986 kampuni ya Enix ilitoa gemu yake, Dragon Quest, kwa mashine ya Famicom. Sehemu ya pili, ya 1987, iliwafuata wazao wa shujaa wa kwanza. Ya tatu ikatoka 1988 na shujaa mwingine, katika ulimwengu unaoonekana mgeni kabisa, na ni mwishoni tu mchezaji anapogundua kwamba amekuwa akimwongoza babu wa wale wote aliowajua tangu mwanzo. Kwa kalenda ya simulizi, ya tatu ndiyo ya kwanza. Kwa kalenda ya wachezaji wa 1988, thamani yake yote ilitokana na kuchezwa mwisho.

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wa karibu wa kalenda mbili kugongana. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, aliandika Kufikirika katika miaka ya 1940, lakini kitabu hicho kilichapishwa baada ya kifo chake, wakati Kusadikika kilikuwa mikononi mwa watu tangu 1951. Anayefuata tarehe za uchapishaji na anayefuata tarehe za uandishi hawaoni ukuaji ule ule wa mwandishi. Tofauti ni kwamba Kusadikika na Kufikirika hazifichuliani siri, ilhali Dragon Quest III inayo siri ya kufichua. Kampuni ya Square Enix, mrithi wa Enix, ilipozitengeneza upya Dragon Quest hizo tatu, ilichagua kalenda ya simulizi: ya tatu ilitoka Novemba 2024, ya kwanza na ya pili zikafuata Oktoba 2025. Kwa mgeni, uamuzi huo unampa hadithi iliyonyooka, lakini unamnyima mshangao ambao Horii aliuandaa kwa miaka miwili. Kati ya hayo mawili, mshangao ndio wenye uzito zaidi, kwa sababu hadithi iliyonyooka inaweza kupangwa kichwani baadaye, ila siri ikishajulikana hairudi kuwa siri.

Njia ya tatu ilikuwa kuikata kamba kabisa. Hironobu Sakaguchi wa kampuni ya Square alitoa Final Fantasy Desemba 1987, na ilipofika zamu ya pili, mwaka 1988, akaanza na ulimwengu mpya, watu wapya na vita vipya. Tangu hapo namba kuu za mfululizo huo zimekuwa hivyo. Kinachorudi ni ndege wakubwa wa kupanda waitwao chocobo, fundi fulani mwenye jina la Cid ambaye kila mara ni mtu mwingine, na baadhi ya tungo za muziki. Ndivyo alivyofanya pia Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar katika riwaya za Bwana Msa, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Kisima cha Giningi (1968): mpelelezi na rafiki yake Najum wanarudi, lakini kila fumbo hufumbuliwa ndani ya kitabu chake, na msomaji huingia kwa mlango wowote.

Hata hivyo namba za Final Fantasy ziliwachanganya watu kwa miaka. Sehemu ya pili na ya tatu hazikupelekwa Marekani wakati wake, hivyo ya nne iliuzwa huko mwaka 1991 kama ya pili, na ya sita ikauzwa mwaka 1994 kama ya tatu. Ya saba ilipofika mwaka 1997 kwa PlayStation, ilibaki na namba yake ya Kijapani, na wanunuzi wa Marekani wakaona mfululizo umeruka kutoka tatu hadi saba. Hakuna aliyepoteza hadithi kwa mkanganyiko huo, nao ni ushahidi mzuri kwamba namba ya kwenye jalada ni jambo la mauzo kabla ya kuwa jambo la simulizi. Panapohitaji uangalifu ni kwenye matawi: Final Fantasy X-2 ya 2003 inaendeleza moja kwa moja hadithi ya X, na Final Fantasy VII Rebirth ya 2024 inaanzia pale Final Fantasy VII Remake ya 2020 ilipoishia.

The Elder Scrolls, ya kampuni ya Bethesda, ilishika njia ya katikati. Arena (1994), Daggerfall (1996), Morrowind (2002), Oblivion (2006) na Skyrim (2011) zote zinatokea katika bara moja, Tamriel, lakini shujaa ni mpya kila mara, na kati ya Oblivion na Skyrim inapita miaka 200. Kihadithi, hakuna ubaya kuanza na ya mwisho. Ugumu uko mahali pengine. Skyrim humwekea mchezaji alama kwenye dira ya kumwonyesha anakokwenda, ilhali Morrowind humpa maelekezo ya maneno kama apewayo mgeni njiani, na akikosea kona amepotea. Aliyezoea ya karibuni akirudi nyuma huona amenyang'anywa vitu. Anayekusudia kuzicheza zote atapata raha zaidi akianza na za zamani, si kwa ajili ya hadithi bali kwa ajili ya mikono yake.

Baldur's Gate ya BioWare, kampuni ya Kanada, iliirudisha kanuni ya Wizardry kwa upole. Aliyemaliza ya 1998 aliweza kumhamishia mhusika wake katika ya 2000, na asiyekuwa naye aliruhusiwa kuunda mpya. Hapa mfuatano una faida kubwa, kwa kuwa ni maisha ya mtu mmoja tangu kijana asiyejua asili yake hadi anapokabiliwa na urithi wa damu yake. Ya tatu, iliyotengenezwa na Larian ya Ubelgiji mwaka 2023, inatokea zaidi ya karne moja baadaye na inajitosheleza, ingawa wanapotokea Jaheira na Minsc, wenzi wa safari wa sehemu mbili za kwanza, aliyewajua zamani huhisi kitu ambacho mgeni hakihisi.

The Witcher, ya kampuni ya CD Projekt ya Poland, ndiyo inayosumbua zaidi. Sehemu tatu zilitoka 2007, 2011 na 2015, na wengi wameingia kupitia ya tatu. Watu wawili wanaoibeba hiyo ya tatu, Yennefer na Ciri, hawashiriki katika matukio ya mbili za kwanza. Wanatoka katika vitabu vya Andrzej Sapkowski. Kwa hiyo hata aliyecheza kwa mpangilio hukutana na wageni wanaozungumza kama jamaa wa siku nyingi. Mwanzo halisi wa mfululizo huo uko maktabani.

Katika kata ya Nyamwaga, wilayani Tarime, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, swali hili hujibiwa kwanza na kifaa kilichopo. Banda la gemu lenye televisheni na PlayStation huishi kwa mpira: mechi huisha kwa dakika chache, analipa mwingine, zamu inaendelea, na toleo linalotakiwa ni jipya. Safari ya saa 40 inayotaka kuhifadhiwa na kuendelezwa kesho haina nafasi hapo, na iliyohifadhiwa jana inaweza kufutwa na mchezaji wa leo. Simu ndiyo inayofaa, na kwa bahati nzuri za zamani ndizo zilizohamishiwa kwenye simu. Dragon Quest za mwanzo zipo, Final Fantasy za kwanza hadi ya sita zilitolewa upya kuanzia 2021, na Baldur's Gate mbili za kwanza zipo pia, ingawa hizi zinataka simu yenye nafasi kubwa na bando la kutosha siku ya kupakua. Skyrim na The Witcher 3 hazimo. Mwenye kompyuta anaweza kuzipata Arena na Daggerfall bure, maana Bethesda iliziachia mwaka 2004 na 2009.

Mifululizo hii haijatafsiriwa kwa Kiswahili, na wingi wa maandishi ya Kiingereza hutofautiana sana. Baldur's Gate ni kama riwaya nene yenye vita ndani yake. Dragon Quest ya kwanza ina shujaa mmoja, adui mmoja kwa kila pambano na mazungumzo mafupi, hivyo ndiyo nyepesi kwa mwanafunzi wa sekondari anayeanza. Baada yake ifuate ya pili, na ya tatu ingoje hadi hizo mbili zimalizike.